Kujaribu kifaa cha ramani kwenye pango la lava: tupimeje ili matokeo yawe na maana kwa Mwezi na Mirihi?

pima_kisha_sema

Wakuu, naomba mawazo ya wanaozijua kazi za mapangoni. Kuna jaribio linaandaliwa la kifaa cha kuchora ramani, shabaha ikiwa ni mapango ya lava ya Mwezini na Mirihi. Pango lenyewe ni mrija wa lava (handaki lililoachwa na lava iliyotiririka) wenye mita 600 hivi kutoka mdomoni hadi mwisho unaopitika. Upana ni kati ya mita 3 na 14. Lina kona mbili kali na sehemu moja nyoofu ya mita 90 yenye kuta laini, na karibu na mwisho paa limeanguka na kuacha tundu darini.

Vifaa ni lida (kipima umbali kwa leza) ya Livox Mid-360, kamera mbili za nyeusi na nyeupe, IMU (kipima mchapuko na mzunguko) ya 200 Hz na kompyuta ndogo, vyote juu ya kigari cha magurudumu manne kinachokwenda sentimita 30 kwa sekunde. Programu ya SLAM, yaani ya kuchora ramani huku kifaa kikijitafuta kilipo, ni FAST-LIO2. Data ghafi zote zinahifadhiwa ili zichakatwe upya baadaye.

Ninayouliza ni haya. Ramani ya rejea ipatikane vipi chini ya ardhi ambako GPS haifiki? Nini huharibika mara nyingi? Na je, jaribio la namna hii linathibitisha nini hasa kuhusu sayari nyingine, au mwisho wa yote tutakuwa tumeonyesha tu kwamba kifaa kinafanya kazi kwenye pango lile?

---

jiwe_la_pembeni

Mkuu, kabla ya kugusa kigari, pimeni pango. Ramani ya lida hupendeza macho hata ikiwa imepinda mita nne, na hizo mita nne hazionekani kama hakuna kipimo kingine pembeni yake. Kipimo hicho nacho kisitoke kwenye lida nyingine iliyounganishwa kwa programu ya aina ileile. Makosa ya ndugu hufanana.

Wachora mapango wengi watakuambia utumie DistoX, ile leza ya mkononi yenye dira na kipima mwinamo ndani yake. Kwenye mapango ya chokaa ni chombo kizuri sana. Kwenye lava, dira yake usiiamini. Basalti ina madini ya chuma yaliyoshika usumaku lava ilipokuwa ikipoa, kwa hiyo sindano inaweza kupotoka digrii kadhaa kituo hiki, na kituo kinachofuata ikapotoka upande mwingine. Hata ukiikalibrisha nje kwa utaratibu wote (vipimo 56, yaani pande 14 na mizunguko 4 kwa kila upande, mbali na betri na karabina za chuma, vile vishikizo vya kamba), tatizo linabaki palepale kwa sababu ni la mwamba. Dalili utaiona ukisoma kutoka A kwenda B kisha kutoka B kurudi A: masomo mawili yanatakiwa kutofautiana kwa digrii 180, na yakikosana kwa zaidi ya digrii 2, kituo kimojawapo kimekaa penye usumaku. DistoX ikupe umbali, mwinamo na vipimo vya kuta. Azimuthi, yaani mwelekeo wa dira, itoke kwingine.

Kwingine huko ni teodolaiti ya kielektroniki, ile ya wapima ardhi inayopima pembe na umbali kwa pamoja. Yenye usahihi wa sekunde 5 za pembe inatosha, maana kwa mita 50 kosa lake ni milimita 1.2 tu. Kinachoharibu kazi ni namna mashine inavyokalishwa juu ya alama. Vituo vikiwa mita 20 kwa 20, kukosea milimita 1 kwenye kuikalisha ni sekunde 10 za pembe, mara mbili ya kosa la mashine yenyewe. Dawa yake ni stendi tatu za miguu mitatu. Mashine inakaa katikati, prizimu moja mbele na moja nyuma, na mnapohama stendi hubaki pale pale huku vichwa vikibadilishana nafasi. Kila pembe isomwe kwa nyuso zote mbili za mashine.

Nje ya mdomo wa pango weka nukta mbili za GPS ya RTK (ile ya usahihi wa sentimita) zinazoonana. Umbali kati yake ndio unaoamua mambo ya ndani. Msingi wa mita 50 wenye kosa la sentimita 1 unakupa sentimita 10 ukifika mita 500. Msingi wa mita 20 wenye kosa la sentimita 2 unakupa nusu mita, na hapo hamna tena ramani ya rejea, mna maoni.

Tundu la darini ni bahati, litumieni. Pima nukta juu kwa RTK, teremsha timazi, kisha ufunge mnyororo wa vituo hapo. Hapo ndipo mtajua kosa halisi la rejea yenu bila kukisia.

Kuhusu alama za kuonekana na lida: watu hupenda zile tufe nyeupe za skana zenye kipenyo cha milimita 145. Fanya hesabu kwanza. Mid-360 hutoa nukta 200,000 kwa sekunde, lakini inazitawanya kwenye uwanja wa digrii 360 kwa 59. Tufe likiwa mita 10 mbele linaambulia nukta kama 6 kwa sekunde, na kila nukta ina kelele ya hadi sentimita 2. Kitovu cha tufe hakipatikani hivyo. Ubao bapa wa sentimita 60 kwa 60 kwa umbali huohuo hupata zaidi ya nukta 120 kwa sekunde. Weka mbao kumi au kumi na mbili, pima pembe zake nne kwa teodolaiti, na kigari kisimame sekunde 10 mbele ya kila ubao. Ila usiweke hata mmoja kwenye ile sehemu nyoofu yenye kuta laini. Ubao pale unaisaidia SLAM kushika mahali, na mtakuwa mmelitibu tatizo mlilokwenda kulipima.

---

ukuta_laini

Naungana na jiwe_la_pembeni, hasa hilo la ubao. Sasa nigusie hiyo sehemu ya mita 90, maana ndiyo yenye thamani kuliko pango zima lililobaki.

Lida hujua imesogea kwa kulinganisha maumbo ya skani hii na ramani iliyokwisha kujengwa. Ndani ya bomba nyoofu laini, kuta huizuia isipotee kushoto, kulia, juu na chini, lakini mbele na nyuma hakuna kinachoishika. Skani ya mita 40 inafanana na ya mita 41. Programu hailalamiki: inafupisha tu njia, na mita 90 zinatoka mita 80 huku kila kitu kikionekana safi. Kwa hiyo usitazame ramani peke yake. Hifadhi thamani za matriksi ya ulinganishaji kwa kila skani, na uangalie thamani-mwenyeji (eigenvalue, namba inayoonyesha kila upande umeshikwa kiasi gani) ndogo kabisa kati ya zile tatu za mwendo. Uwiano wake na ile kubwa ukiporomoka ghafla, hapo lida imepofuka upande mmoja. Chora uwiano huo juu ya ramani ya pango, na utakuwa na matokeo ya maana kuliko picha yoyote ya rangi.

Yanayosaidia ni kuhesabu mizunguko ya magurudumu (kwa tahadhari, maana kwenye kokoto yanateleza) na kuilaza lida kwa digrii 20 hadi 30 ili ione sakafu ya karibu. Sakafu ya mrija wa lava mara nyingi ina mawe yaliyoanguka au mikunjo ya lava iliyoganda, na hiyo ndiyo mishikio yako. Mid-360 ikisimama wima huona digrii 7 tu chini ya upeo na 52 juu yake, kwa hiyo kwenye kigari kifupi sakafu ya karibu karibu yote inakosekana. Wengine huigeuza juu chini. Inafanya kazi, alimradi uibadilishie mwelekeo kwenye mipangilio.

Mipangilio yenyewe huangusha wengi. Kuna kigezo cha umbali wa upofu, yaani nukta zilizo karibu kuliko hapo hutupwa. Ukinakili faili la lida ya masafa marefu unaweza kukuta kimewekwa mita 4, na kwenye mrija wenye upana wa mita 3 nukta zote za kuta za karibu zitatupwa. Kiweke nusu mita au chini yake, kisha hakikisha lida haikioni kigari chenyewe. Kingine ni ukubwa wa kisanduku cha kuchujia nukta. Nusu mita inafaa barabarani. Kwenye njia ya mita 3 inafuta maumbo yote uliyokuwa ukiyategemea, kwa hiyo shuka hadi sentimita 10, na sehemu pana urudi sentimita 30 hivi kompyuta isizidiwe.

Saa ni jambo la tatu. Lida na IMU zikitofautiana milisekunde 10 wakati kigari kinageuka digrii 30 kwa sekunde, hiyo ni digrii 0.3, na kwenye ukuta ulio mita 10 ni sentimita 5. Ukuta unakuwa mnene, watu wanailaumu lida. Tumia usawazishaji wa PTP (itifaki ya kulinganisha saa za vifaa) kwa waya. Kutegemea muda ambao pakiti imefika kwenye kompyuta si kusawazisha.

Na vibaniko: lida, IMU na kamera zifungwe kwenye bamba moja gumu, mpira wa kuzuia mtikisiko uwe chini ya bamba. Ukiweka mpira kati ya lida na IMU, kila jiwe linabadilisha kalibrisho lenu.

Basalti ni nyeusi, kwa hiyo msihesabu masafa yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mid-360 hufika mita 70 kwenye kitu kinachorudisha asilimia 80 ya mwanga, na mita 40 kwenye kinachorudisha asilimia 10. Hesabuni hizo 40. Mkikuta dimbwi la maji, tarajieni pango la pili chini ya sakafu: leza inaakisiwa majini, inagonga dari, na nukta zinachorwa chini ya ardhi. Zifutwe kwa kikomo cha kina chini ya kigari kabla hazijaingia kwenye ulinganishaji. Kuzifuta baadaye ni kupaka rangi tu.

---

pima_kisha_sema

Shukrani sana, hili la ubao kwenye sehemu nyoofu halikuwa kwenye mpango. Maswali mawili zaidi. Kamera ziwekewe taa ya namna gani? Na kigari kikirudi kwa njia ileile hadi mdomoni, je, kosa la kufunga kitanzi (tofauti ya mahali pa kuanzia na pa kumalizia kwenye ramani) si linatosha kama kipimo?

---

giza_totoro

Nianze na taa. Programu nyingi za kamera zinadhani mwanga umetulia na kamera ndiyo inayotembea. Pangoni mwanga unatembea na kamera, kwa hiyo kivuli cha kila jiwe kinahama, na programu inakamata ncha za vivuli kana kwamba ni mawe. Kulipunguza hilo, weka taa mbili, moja kila upande, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye lenzi. Vivuli vinalainika. Tena taa iliyobandikwa juu ya lenzi humulika ukungu na vumbi lililo mbele yake, picha ikawa theluji.

LED ziendeshwe kwa mkondo usiobadilika. Zile zinazopunguzwa mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka huacha michirizi, au picha moja angavu na nyingine hafifu. Muda wa kufichua uufunge, usiachie kamera ijiamulie. Milisekunde 5 ni mahali pazuri pa kuanzia: kwa lenzi ya fokasi ya pikseli 600 na mzunguko wa digrii 20 kwa sekunde, ukungu wa mwendo unakuwa kama pikseli 1. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo jiwe la mita 2 linang'aa mara 25 kuliko la mita 10. Hifadhi picha za biti 12 kama kamera inaruhusu, vinginevyo cha karibu kinaungua na cha mbali kinazama gizani.

Unyevu: hewa ya pango mara nyingi ina unyevu unaokaribia asilimia 100. Kamera ya baridi ikiingia kwenye hewa yenye joto zaidi, lenzi inapata umande. Ziacheni ndani ya sanduku lililofungwa kwa nusu saa pale pangoni kabla ya kuanza, na pakiti za kukausha unyevu ziwemo. Na watu wasimame nyuma ya kigari. Pumzi ya mtu mmoja mbele ya taa inatosha kuharibu picha za dakika nzima.

Diski nayo isisahaulike. Kamera moja ya pikseli 1280 kwa 720, biti 8, picha 30 kwa sekunde, inakula karibu GB 100 kwa saa, na kwa biti 12 zinazohifadhiwa kwenye baiti mbili inakuwa maradufu. Kigari cha sentimita 30 kwa sekunde hakihitaji picha 30. Kumi zinatosha.

---

hewa_sifuri

Kuhusu kitanzi: hapana, hakitoshi, na kinaweza kukudanganya kabisa. Kigari kikirudi kwa njia ileile, lida inaiona ramani yake yenyewe na inajisahihisha dhidi ya makosa yake. Inafika mdomoni ikiwa na kosa la sentimita 3, huku mwisho wa pango umepotoka mita 2. Kosa la kuripoti ni lile la mahali pa mbali kabisa, kabla kigari hakijageuka, dhidi ya vituo vya teodolaiti.

Na mnapolinganisha njia ya kigari na rejea, msitumie ule ulinganifu wa jumla unaozungusha njia nzima mpaka ikae vizuri kuliko kote. Huo unagawa kosa kila mahali na kulifanya dogo. Linganisheni kwa mita 20 za mwanzo tu, kisha muone mwisho umefika wapi. Ndivyo ilivyo kwa chombo kilichoko Mwezini, kinajua mdomo na hakijui mwisho.

Sasa swali lenu la tatu, ambalo wenzangu wamelikwepa kistaarabu. Pango la duniani linathibitisha giza, kuta, kukosekana kwa GPS na sakafu mbovu. Halithibitishi uvutano, utupu, vumbi la Mwezini wala kompyuta ya angani. Mengine kati ya hayo mnaweza kuyaigiza kwa data mliyohifadhi.

Uvutano kwanza, kwa sababu FAST-LIO2 ina mtego humo. Ukubwa wa uvutano umeandikwa ndani ya msimbo, takriban 9.81, na programu hukadiria mwelekeo wake tu. Mwanzoni hupima wastani wa mchapuko kigari kikiwa kimesimama na kuuvuta hadi 9.81. Mwezini uvutano ni 1.62, kwa hiyo kila mchapuko utazidishwa mara sita. Hilo unalirekebisha kwa kubadilisha namba. Lisilorekebishika ni hili: kosa la kudumu la 0.01 m/s² kwenye kipima mchapuko hapa duniani ni mwinamo wa digrii 0.06, Mwezini ni digrii 0.35. Kwa mita 100 za pango hiyo ni zaidi ya nusu mita ya wima. Chukueni data ya IMU, mtoe 8.19 m/s² upande wa uvutano kwa kutumia mwelekeo mlioukadiria, muirudishe kwenye programu yenye namba mpya, muone ramani inainamaje. Kwa Mirihi kinachobaki kiwe 3.71.

Ukubwa wa pango ni jambo lingine. Shimo la Mare Tranquillitatis, kule Mwezini, lina upana wa mita 100 hivi, na uchambuzi wa data ya rada ya LRO, chombo kinachouzunguka Mwezi, ya mwaka 2010, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kuna njia inayoingia chini kutoka hapo. Mirija ya huko inaweza kuwa mikubwa mno kuliko ya kwetu kwa sababu uvutano ni mdogo. Lida ya mita 40 ndani ya mrija wa mita 112 itaona sakafu na labda ukuta mmoja. Mnaweza kuiga hilo bila kwenda popote: kwenye sehemu yenu ya mita 14, tupeni kila nukta iliyo mbali kuliko mita 5 kisha mchakate upya. Uwiano ni uleule. Programu nyingi zinazotamba mirijani huanza kupotea hapo hapo.

Droni? Mwezini hakuna hewa, basta. Mirihi ina hewa yenye msongamano wa takriban asilimia 1 ya yetu. Ingenuity, helikopta ndogo ya NASA, iliruka mara 72 kati ya Aprili 2021 na Januari 2024, ila nje, mwangani, kamera ikitazama chini. Mkijaribu droni pangoni mnajaribu programu ya ramani, si chombo.

---

ukuta_laini

hewa_sifuri, hila ya kukata masafa ni nzuri ila ina pengo. Upana unapungua kwa uwiano, mawe hayapungui. Kwenye mrija wa mita 14 jiwe la nusu mita likiwa mita 5 mbele linapata nukta nyingi. Mwezini jiwe hilohilo likiwa mita 40 linapata chache sana, kwa sababu nukta hupungua kwa mraba wa umbali. Mara 8 kwa umbali ni mara 64 kwa nukta. Kwa hiyo mkikata masafa, punguzeni na nukta pia: bakizeni moja kati ya 64. Hapo ndipo jaribio linakuwa gumu kama inavyostahili.

---

hewa_sifuri

Umenipata, ni kweli. Na kelele ya masafa nayo iachwe ilivyo? Kwa mrija uliokuzwa mara 8, sentimita 2 za leo zingepaswa kuwa milimita 2.5, kwa hiyo mkiziacha mnajibana kupita kiasi. Ningeripoti matokeo mawili: kukata masafa peke yake, na kukata masafa pamoja na kupunguza nukta. Ukweli uko katikati.

Nilisahau kompyuta. Prosesa ya RAD750 iliyopelekwa Mirihi ndani ya vigari vya Curiosity na Perseverance hufanya kazi kwa takriban MHz 200. Ingenuity ilibeba prosesa ya simu, Snapdragon 801, kwa hiyo mipaka inalegea, lakini bado msiripoti ramani bila kuripoti muda wa kuchakata kila skani na kumbukumbu iliyotumika. Fungeni programu kwenye kiini kimoja cha prosesa muone inabaki nyuma kiasi gani.

---

kamba_na_taa

Nimeona watu wamepima kila kitu isipokuwa usalama na pango lenyewe.

Kibali cha mwenye eneo kiwe mkononi kwanza, na muulize msimu wa popo. Vifaa vilivyowahi kuingia mapango ya Amerika Kaskazini au Ulaya visiingie pango jingine bila kusafishwa. Kuvu ya Pseudogymnoascus destructans, inayosababisha ugonjwa wa pua nyeupe kwa popo, husafiri kwenye matope ya viatu. Vitu vinavyovumilia maji vizamishwe kwenye maji ya nyuzi 55 au zaidi kwa dakika 20. Magurudumu ya kigari ni viatu pia. Alama za vituo ziwe za kuondoleka. Msipake rangi, msitoboe mwamba, na kigari kisipite juu ya lava laini iliyoganda kama glasi, maana haitaota tena.

Kila mtu taa tatu zinazojitegemea, watu wasiwe chini ya wanne, na aliye nje awe na saa ya mwisho iliyoandikwa ya kuanza kuwatafuta. Chini ya tundu la darini msisimame bila sababu. Paa lililoanguka mara moja bado lina mawe yaliyolegea pembezoni, na ndipo jiwe_la_pembeni anapotaka mteremshe timazi. Ateremshe aliye juu, amefungwa kamba, na wa chini wakae pembeni hadi vumbi litulie.

Mawasiliano: redio ya 2.4 GHz hufa baada ya kona moja au mbili. Kwenye fainali za shindano la roboti la chini ya ardhi la DARPA (wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani), Septemba 2021 ndani ya Louisville Mega Cavern, kulikuwa na roboti zilizodondosha vipitishi vya redio njiani, na bado zililazimika kujiendesha zenyewe mtandao ulipokatika. Kule kitu kilichopatikana kilihesabiwa kama kimetajwa ndani ya mita 5 za mahali halisi. Kwa ramani mnayoitaka nyie, mita 5 ni nyingi mno, lakini ni kizingiti kizuri cha kuanza nacho mkiona kigari kinajiendesha. Kama mnaendesha kwa mbali, wekeni ucheleweshaji wa makusudi kwenye mtandao: sekunde 2.6 kwenda na kurudi kwa Mwezi. Kwa Mirihi, ambako ishara huchukua dakika 3 hadi 22 upande mmoja, msijaribu kuendesha kabisa. Tumeni amri, mkae.

---

pima_kisha_sema

Mpango umebadilika hivi. Siku mbili za kwanza ni teodolaiti peke yake, msingi wa nje urefushwe hadi mita 60, na kufunga kwenye tundu kufanyike kutoka juu. Siku ya tatu, kigari kinakwenda mara tatu hadi mwisho bila kubadilisha chochote, lida ikiwa imelala digrii 25. Siku ya nne, mara moja bila mahesabu ya magurudumu na mara moja taa zikiwa zimepunguzwa nusu. Kukata masafa, kupunguza nukta na kubadilisha uvutano vitafanyika mezani. Kosa litaripotiwa kwa kila mita 50, kwa ulinganifu wa mita 20 za mwanzo.

---

jiwe_la_pembeni

Safi. Ongeza kitu kimoja siku ya tatu: kabla ya kila safari na baada yake, kigari kisimame dakika 2 palepale mdomoni bila kuguswa. Hapo ndipo mtapata upendeleo wa IMU, yaani kosa lake la kudumu, wa siku hiyo, na kama bamba limelegea njiani mtaliona kabla hamjafunga sanduku. Na mbao mbili kati ya zile kumi na mbili zipimwe na mtu ambaye hatagusa data ya kigari, vipimo vyake vikae kwenye bahasha hadi ramani ikamilike.